Jinsi ya Kusoma Vitu vya Kila Siku katika Chapa za Echingi: Mwongozo Kamili

Kiti kimoja kimechorwa katikati ya karatasi. Hakuna aliyekikalia. Mtazamaji anasimama mbele yake kidogo, anasema "upweke," kisha anahamia picha inayofuata. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka. Shida ya jibu hilo ni kwamba linafaa kiti chochote kitupu, kiwe cha rangi, cha picha ya kamera au cha tangazo la samani. Halijagusa kiti hiki, ambacho mtu alikikwangua kwa sindano kwenye nta, akakizamisha kwenye tindikali, akasubiri, ndipo akakichapa.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kusoma taashira ya vitu vya kawaida katika echingi, yaani chapa zinazotoka kwenye bamba la chuma lililoliwa na tindikali: viti, viatu, funguo, brashi, vikombe, balbu. Msimamo wangu ni kwamba maana ya kitu katika echingi huanzia kwenye bamba. Alama zilizozoeleka, kwamba mshumaa ni uhai na saa ni kifo, zina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni karibu na mwisho.

Kabla ya yote: nini hutokea kwenye bamba

Msanii huchukua bamba la shaba au zinki, analipaka nta au mchanganyiko unaozuia tindikali, kisha anachora kwa sindano. Sindano haichimbi bamba. Inaondoa nta tu na kuliacha bamba wazi. Bamba likiingia kwenye tindikali, sehemu zilizo wazi huliwa na kuwa mifereji. Nta inasafishwa, wino unajazwa kwenye mifereji, uso wa bamba unafutwa kwa kitambaa, kisha karatasi yenye unyevu inalazwa juu na vyote viwili vinapitishwa kwenye mtambo wenye mgandamizo mkubwa. Karatasi huingia kwenye mifereji na kuuchota wino.

Mbinu hii ilitoka kwa mafundi waliopamba silaha na mavazi ya vita. Daniel Hopfer wa Augsburg, Ujerumani, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuitumia kuchapa picha kwenye karatasi, mwanzoni mwa miaka ya 1500. Yaani tangu mwanzo ilikuwa njia ya kuandika juu ya kitu ambacho mtu anakivaa na kukitumia.

Shika jambo moja hapa, maana hatua zote zinalitegemea. Kwa kalamu, mkono mzito huleta mstari mzito. Kwa echingi, uzito wa mstari huletwa na muda. Mstari uliokaa kwenye tindikali dakika chache hutoka mwembamba na hafifu, na uliokaa muda mrefu huchimbika, hunywa wino mwingi na kuwa mweusi wa kukoza. Kwa hiyo msanii anayetaka mguu wa kiti uwe mweusi kuliko mgongo wake hulitoa bamba, hufunika mgongo kwa vanishi, kisha hulirudisha ili mguu uendelee kuliwa. Huo ni uamuzi, na uamuzi unasomeka.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokitazama

Tafuta alama ya bamba, ule mstatili uliobonyea kidogo kuzunguka picha. Isogelee karatasi kwa ubavu, mwanga ukipita pembeni: mistari ya echingi huinuka juu ya karatasi, kwa sababu wino ulichotwa kutoka shimoni. Ukitumia lenzi ya kukuza ukaona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine, na hatua ya 3 haitakusaidia sana.

Tazama pia maandishi ya penseli chini ya picha. 12/40 ina maana ni nakala ya kumi na mbili kati ya arobaini. A/P ni nakala ya msanii mwenyewe, nje ya hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Kitaje kitu na kazi yake, bila kutafsiri

Chukua karatasi na uandike sentensi kumi kuhusu kitu kilichochorwa. Kila sentensi iwe ya jambo linaloonekana au kazi inayofahamika. "Ni brashi. Nywele zake zimesambaa upande mmoja. Mpini umekwaruzika karibu na chuma. Inaning'inia, haijalazwa. Inatumika kupaka." Usiandike "ubunifu." Usiandike "uzee."

Zoezi hili linachosha kuanzia sentensi ya sita, na hapo ndipo huanza kulipa. Ukishamaliza yaliyo dhahiri, jicho linalazimika kurudi kwenye picha kutafuta zaidi, na mara nyingi linakuta jambo ambalo msanii alilitilia mkazo: nywele za brashi zimekauka zikiwa na rangi, au ufunguo umelika meno. Kitu cha kila siku kina faida moja kubwa kwa mchoraji. Kila mtu anajua kinavyopaswa kuwa, kwa hiyo kasoro ndogo tu inatosha kuzungumza.

Hatua ya 3: Soma tindikali

Hapa usiwe na haraka. Gawa picha katika sehemu tatu: palipo peusi zaidi, palipo hafifu zaidi, na palipoachwa peupe kabisa. Kisha jiulize kwa nini msanii alipatia kila sehemu muda wake.

Palipo peusi zaidi ama paliliwa kwa muda mrefu, ama pamejazwa mistari mingi inayokatana, ama vyote viwili. Mistari mizito michache huonekana kama kovu. Mistari myembamba mingi inayokatana huonekana kama hewa, kama vumbi linalotua. Giorgio Morandi, aliyeishi Bologna, Italia (1890–1964) na kufundisha echingi katika chuo cha sanaa cha mji huo kuanzia 1930 hadi 1956, alichora chupa, birika na makopo yale yale maisha yake yote. Vivuli vyake vimejengwa kwa mistari inayokatana, wavu juu ya wavu. Ukisogea karibu, chupa zake nyingi hazina mstari wa ukingo. Zinaonekana kwa sababu giza la nyuma limekoma hapo. Chupa ni pale ambapo mistari haikufika. Ukijua hivyo, huwezi tena kusema kwa wepesi kwamba chupa zake ni "utulivu." Ni vitu vinavyokaribia kupotea, vimeshikiliwa na giza linalovizunguka.

Kama giza ni laini, halina mistari, ni kama moshi au mchanga mwembamba, hiyo ni akuatinta: msanii alinyunyiza unga wa ulimbo kwenye bamba na kuupasha moto ili ushike, kisha tindikali ikala katikati ya punje. Na kama mstari una ukungu mweusi pembeni, kama mahameli, huenda ni sindano kavu, ambapo bamba limekwaruzwa moja kwa moja bila tindikali na kuacha ukingo wa chuma unaoshika wino. Ukingo huo hubonyea haraka kila bamba linapopita mtamboni, hivyo nakala nzuri huwa chache. Kikombe kilichochorwa kwa sindano kavu kimechorwa kwa njia ambayo yenyewe inachakaa.

Ajali nazo zina lugha yake. Niliwahi kuchora birika kwenye bamba la zinki, na mistari ya mkono wake niliisogeza karibu mno. Nikaliacha bamba kwenye tindikali muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kuta ndogo zilizokuwa kati ya mfereji na mfereji zililiwa zote, pakabaki shimo moja pana. Shimo pana haliwezi kushika wino, kitambaa hupita na kuufuta, kwa hiyo mkono wa birika ulitoka wa kijivu, umezungukwa na ukingo mweusi. Nilidhani nimeharibu kazi. Lakini kila niliyemwonyesha alisema birika limeungua, na mmoja akauliza ni nani aliyelisahau motoni. Mchoro wangu wenyewe haukuwa na moto popote. Tangu siku hiyo, nikiona kijivu chenye ukingo mweusi kwenye chapa ya mtu mwingine, najiuliza kwanza: amelikubali kosa au amelitafuta? Dalili ya kulitafuta ni kurudia. Likitokea mara moja pembeni ni ajali, likitokea mara tatu juu ya kitu kile kile limekusudiwa.

Hatua ya 4: Mtafute asiyekuwepo

Kitu cha kila siku kina mwenyewe. Kiti kinasubiri mgongo, glavu inasubiri mkono. Angalia kama kitu kimewekwa kwa namna inayomkaribisha mtumiaji au inayomfungia nje. Mpini umeelekea kwako au umekugeukia kisogo? Unakitazama kutoka juu, kama mtu aliyesimama, au kutoka usawa wa meza, kama mtoto?

Jim Dine, msanii wa Marekani aliyezaliwa 1935 huko Cincinnati katika familia iliyokuwa na duka la zana, amerudia joho la kuvaa nyumbani mara nyingi mno, katika rangi na katika chapa. Alilitoa kwenye tangazo la gazeti la miaka ya 1960, na halina mtu ndani, ilhali mabega yamejaa na mikono imeshika kiuno. Yeye huliita picha yake mwenyewe. Kinachofanya lisomeke hivyo ni ule mkao wa mwili uliobaki ndani ya nguo. Joho lililotundikwa msumarini lingesema jambo jingine kabisa.

Hatua ya 5: Geuza picha

Chapa hutoka ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Mwaka 1650 Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alichora kombe la baharini, aina ya koni yenye madoa, na hakuligeuza kwenye bamba. Matokeo yake mzunguko wa kombe kwenye karatasi unakwenda kinyume na kombe la kweli. Sahihi yake lakini inasomeka sawasawa, maana yake aliiandika kinyume kwa makusudi. Alikumbuka jina, akaliacha kombe.

Kwa hiyo piga picha ya chapa kwa simu, uigeuze, uzitazame mbili kwa pamoja. Iliyogeuzwa ndiyo aliyokuwa akiiona msanii alipokuwa anachora. Kama kuna maandishi, saa, mkasi au kitu chochote chenye kulia na kushoto, uliza kama kimerekebishwa. Mkono wa kushoto unaoshika kisu huenda ni mkono wa kulia uliopita mtamboni. Usijenge nadharia juu yake kabla ya kuhakikisha.

Hatua ya 6: Sikiliza jina la kitu katika lugha ya msanii

Hatua hii husahaulika sana, nami naona ndiyo inayofungua milango mingi baada ya ile ya tindikali. Taashira nyingi za vitu vya nyumbani hazikuanzia kwenye picha, zilianzia mdomoni. Sisi tunasema mtu "amekalia kiti" na hatumaanishi kuwa miguu imemchoka, na kiongozi wa kikao ni mwenyekiti, mwenye kiti. Mchoyo tunamwita mkono wa birika. Msomaji wa Kiswahili aliyeiona chapa yangu ya birika aliniuliza papo hapo kama nilikuwa namsema bahili fulani. Mtu wa lugha nyingine asingeweza hata kuliwaza swali hilo.

Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, alilijua hili vizuri. Katika chapa 80 alizozitoa mwaka 1799 kwa jina la Los Caprichos, ya 26 inaonyesha wasichana wawili waliobeba viti kichwani, miguu ya viti ikielekea juu, nyuma yao watu wanacheka. Chini ameandika kwa Kihispania: Ya tienen asiento, yaani "sasa wana kiti." Neno asiento ni kikalio, lakini pia ni utulivu wa akili, busara. Hatimaye wamepata busara, na wameiweka kichwani namna hii! Ukikisoma kiti kile kwa lugha nyingine, unabaki na kichekesho cha mavazi. Kwa lugha yake, ni shutuma.

Basi kabla ya kutafsiri ngazi, chungu au sabuni kwenye chapa, uliza msanii alikulia katika lugha gani, na tafuta misemo yenye kitu hicho. Jina ambalo msanii aliipa chapa ndilo mahali pa kuanzia.

Hatua ya 7: Kifuate kitu nje ya karatasi moja

Bamba la echingi linaweza kuchapwa, kurudishwa kwenye tindikali, kuchapwa tena. Kila awamu huwa na nakala zake, na kuzilinganisha ni kama kusikia mtu akijisahihisha. Dine alifanya hivyo mwaka 1972 na 1973 kwa bamba alilolianza na brashi tano zilizopangwa mstari mmoja. Alilirudia awamu baada ya awamu, brashi zikaongezeka, nywele zikawa nyingi na nzito, hadi safu ile ya zana ikaanza kufanana na safu ya viumbe. Kombe la Rembrandt nalo lilianza na nyuma nyeupe, kisha akatia giza. Kombe halikubadilika sana, ila ghafla likawa kitu kilichokaa mahali.

Fuata pia kitu kile kile katika kazi nyingine za msanii. Jasper Johns, msanii wa Marekani, alipotoa mkusanyo wake wa kwanza wa echingi mwaka 1967 na 1968, alirudi kwenye vitu alivyokwisha kuvifanyia sanamu: balbu, tochi, makopo ya bia, brashi ndani ya kopo. Balbu kwenye karatasi yake inakumbuka balbu ya sanamu, na zote mbili haziwaki. William Kentridge, msanii wa Johannesburg, Afrika Kusini, ana kundi dogo la vitu vinavyozunguka katika chapa na filamu zake: simu, kipaza sauti, taipureta, chombo cha kuchujia kahawa. Katika filamu yake ya michoro ya 1991 kuhusu mgodi, tajiri aliye kitandani anakandamiza kichujio cha kahawa, nacho kinashuka, kinapenya kitanda na ardhi hadi kwa wachimbaji chini. Aliyeona hilo hawezi kukutana tena na chombo hicho katika kazi zake akadhani ni kifungua kinywa tu.

Hatua ya 8: Sasa leta alama za zamani

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walijenga msamiati wa vitu: fuvu, mshumaa unaozimika, saa ya mchanga, ua linalonyauka, vyote vikisema maisha ni mafupi. Wasanii wa leo wanaujua na wanautumia, mara nyingi kwa kuugeuza. Balbu iliyozimwa inaweza kuwa mjukuu wa ule mshumaa. Simu iliyoishiwa chaji nayo vilevile.

Zana za kazi zina ukoo wake. Mwaka 1905 Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani, alichora mwanamke mzee akinoa fyekeo, uso umegusana karibu kabisa na chuma, macho nusu yamefumba. Chapa hiyo ni sehemu ya mfululizo wake wa vita vya wakulima wa Ujerumani. Fyekeo ni alama ya kifo tangu zamani, na ni kifaa cha mavuno. Kollwitz hakuchagua kimojawapo. Ameikamata ile dakika ambamo kifaa cha kazi kinageuka silaha mikononi mwa mwenyewe, na giza zito la bamba linafanya mashavu ya yule mama na chuma vionekane vimetoka udongo mmoja.

Hatua ya 9: Ijaribu tafsiri yako

Andika tafsiri yako kwa sentensi moja. Kisha badilisha kitu. Kama uliandika "kiti hiki kinaonyesha upweke," weka kikombe mahali pa kiti. Sentensi bado inasimama? Basi haikutoka kwenye kiti. Irudie mpaka ivunjike ukibadilisha kitu. Halafu badilisha mbinu: je, ingekuwa kweli kama ingekuwa picha ya rangi? Kama ndiyo, rudi hatua ya 3, kuna mstari hujauona.

Mfano wa sentensi inayosimama: "Kiti kimechimbwa sana miguuni na karibu kutoweka mgongoni, kama kitu kinachobeba uzito ambao hakuna anayeuona." Weka kikombe hapo, inaanguka.

Hatua ya 10: Kwangua kimoja mwenyewe

Huhitaji tindikali, na usiiguse bila mafunzo, glavu na hewa ya kutosha. Chukua kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ukubwa wa kiganja, na sindano nene iliyofungwa kwenye kijiti. Weka mbele yako kitu kimoja unachokigusa kila siku. Kikwaruze kwenye plastiki kwa kina cha kutosha, mpaka kidole kihisi ukingo wa mstari. Jaza wino mzito wa kuchapia, ufute uso kwa kitambaa kwa mizunguko midogo bila kukandamiza, laza karatasi nene iliyoloweshwa na kukaushwa maji ya juu, kisha sugua nyuma kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu, kona hadi kona. Nakala haitakuwa na weusi wa mtambo, lakini itasomeka.

Chapa tatu. Ya kwanza futa wino vizuri. Ya pili acha utando wa wino kuzunguka kitu, uking'arishe kitu chenyewe tu. Ya tatu fanya kinyume: safisha mazingira, uache kitu ndani ya utando. Zipange mezani, mwite mtu ambaye hakukuona ukichora, na umuulize kwa kila moja: mwenye kitu hiki yuko wapi sasa? Andika majibu yake nyuma ya kila karatasi, kwa penseli, wino ukishakauka.